Kitufe kimoja, kazi tano: je, mwanao anaiba mchezoni?

MINNEAPOLIS, Marekani – Swali hili limenijia kwa WhatsApp kutoka Muscat, likanijia kutoka Sharjah, na mara moja kutoka Doha saa nane za usiku, mama wa watu hana usingizi. Mtoto anataka kibodi mpya. Ya zamani haijaharibika, inaandika vizuri tu, lakini ati haina vitufe vya pembeni vilivyoandikwa G1, G2, G3. Hivyo ndivyo vitufe vya makro, na rafiki zake wote wanavyo. Mama anauliza mambo mawili: makro ni kitu gani, na je, mtoto akiitumia ndiyo anaiba mchezoni?

La kwanza ni jepesi. Makro ni maagizo kadhaa yaliyofungwa pamoja yakapewa kitufe kimoja. Ukimwambia binti yako "hebu tia chai", hukumtajia kuteleka maji, kutwanga iliki, kutia majani, kuchuja na kutafuta vikombe vya wageni. Neno moja limebeba kazi zote, kwa sababu mlishafundishana zamani. Kompyuta nayo hufundishwa hivyo hivyo. Unaionyesha mfululizo wa vitufe mara moja, na baadaye kila ukibonya kile kimoja inaurudia wote kwa mpangilio uleule, haichoki wala haisahau. Neno lenyewe asili yake ni Kiyunani, maana yake refu au kubwa, na watu wa kompyuta wanalitumia tangu miaka ya 1950. Emacs, programu ya kuandikia iliyotoka chuo cha MIT mwaka 1976, imelibeba neno makro ndani ya jina lake. Kwa hiyo kitu chenyewe si cha kihuni. Makarani na waandishi wa programu wamekitegemea miaka yote hii.

(Na hiyo kibodi, wataalamu wetu wa lugha walitupa neno "baobonye". Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na sijamsikia mtoto hata mmoja akilitamka bila ya kucheka.)

La pili ndilo lenye kazi. Kulijibu nitaanzia hapa hapa ninapokaa, maana mji huu una hadithi yake katika jambo hili.

Mwindaji wa taipu

Wengi wenu mkisikia Minneapolis mnafikiria baridi na Wasomali. Kweli, yote mawili yapo. Ukipita barabara ya Cedar unasikia Kisomali, na ukikaa kitambo utasikia na Kiswahili, maana wengi walipitia Dadaab, Kakuma na Eastleigh kabla ya kufika huku. Wakenya nao wako wengi vitongoji vya kaskazini kama Brooklyn Park. Lakini sisi walimu tungepaswa kuujua mji huu kwa jambo jingine: hapa ndipo ulipozaliwa mmoja wa michezo ya kompyuta ya mwanzo mwanzo kuingia darasani.

Mwaka 1971 vijana watatu wa chuo cha Carleton, Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walikuwa katika mazoezi ya ualimu kwenye shule za Minneapolis. Rawitsch alikuwa na somo la historia, shule ya Jordan Junior High, na alitaka wanafunzi wake waelewe safari za walowezi wa karne ya 19 waliotoka Missouri kwenda Oregon na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Alianza kwa kuchora ramani, akusudia mchezo wa mezani wenye kete na kadi. Wenzake wawili walikuwa watu wa hesabu. Walipoiona wakamwambia, bwana wee, hii ni kazi ya kompyuta. Wakaandika programu kwa lugha ya BASIC kwa muda wa kama wiki mbili, na tarehe 3 Disemba 1971 wanafunzi wakaicheza. Mchezo ukaitwa The Oregon Trail.

Kompyuta yenyewe msiifikirie kama hizi zetu. Darasani hapakuwa na skrini. Palikuwa na teletaipu, mfano wa taipureta kubwa yenye roli la karatasi, imeungwa kwa simu na kompyuta iliyoko mahali pengine. Unaandika, unangoja, kisha mashine inakuchapia jibu kwenye karatasi, kelele tupu. Huoni ng'ombe wala mto. Una pesa zako za kununulia ng'ombe, chakula, risasi, nguo na dawa, halafu unaambiwa leo mvua kubwa, kesho majambazi, keshokutwa binti yako kavunjika mkono.

Sasa sikilizeni uwindaji ulivyokuwa. Ukitaka nyama, mashine inakuamuru uandike neno BANG, yaani mlio wa bunduki. Kompyuta inahesabu muda tangu ulipoamriwa mpaka ulipomaliza zile herufi nne. Ukiwa mwepesi umepata mnyama. Ukichelewa, au ukikosea herufi moja, risasi imepita hewani na familia yako haina kitoweo. Jarida la Creative Computing lilichapisha programu nzima mwaka 1978, na humo mna ujanja mwingine: mchezaji anaulizwa tangu mwanzo yeye ni mlengaji wa daraja gani kati ya tano, na kadiri anavyojisifu ndivyo anavyotakiwa awe mwepesi zaidi. Nimekipenda sana kifungu hicho. Ni mwalimu peke yake anayeweza kuwatungia wenye majigambo adhabu kama hiyo.

Nikisoma habari hizi naikumbuka taipu ya masista. Sekondari nilisoma shule ya misheni, na alasiri moja kila wiki ilikuwa ya taipu. Sista alitufunika mikono kwa kitambaa tusitazame vitufe, akasimama nyuma yetu na saa mkononi. Kila kosa linakatwa, na hata ukimaliza mapema kuliko wenzako, makosa yakizidi umefeli. Kwa hiyo darasa lile la Minneapolis nalielewa vizuri. Uwindaji wao ulikuwa mtihani wa taipu uliovalishwa nguo za mwindaji.

Muhula ulipokwisha, Rawitsch aliufuta mchezo kwenye kompyuta akabaki na makaratasi yaliyochapwa. Mwaka 1974 akaajiriwa na MECC, shirika la jimbo la Minnesota la kompyuta za elimu lililoanzishwa 1973, akayaandika upya yale makaratasi, na kutoka hapo mchezo ukasambaa katika shule za jimbo na baadaye Marekani nzima. Toleo la 1985 la kompyuta za Apple II lilikuwa na picha, na uwindaji ukawa wa kulenga mnyama anayekimbia. BANG ikafa. MECC baadaye walikuwa na ofisi zao Brooklyn Center, pua na mdomo na hao Wakenya niliowataja.

Tumchukue basi mtoto wa leo na kibodi yake ya G1, tumpeleke darasa la 1971. Anarekodi B, A, N, G na kuweka kwenye kitufe kimoja. Kila akiamriwa kupiga anabonya mara moja, neno linatoka kamili kabla mwenzake hajaiona B iko wapi. Atakula nyama kila siku mpaka Oregon. Huyo ameiba, sina shaka, maana kilichokuwa kinapimwa ni vidole vyake na yeye vidole hakuvileta. Lakini mtoto huyohuyo akiweka kwenye G2 majibu ya kununulia ng'ombe na nguo, ambako hakuna saa wala mtihani, amemwibia nani? Amejipunguzia kuandika, basi. Tofauti haiko kwenye kitufe. Uliza mchezo unapima nini, kisha uliza makro imeondoa nini.

Wenye michezo wanasemaje

Waliotengeneza michezo ya leo wanazunguka swali hilohilo, ijapokuwa kila mmoja kachora mstari wake pake.

Tazama Counter-Strike 2. Katika mchezo huo huwezi kulenga sawasawa huku unakimbia, lazima usimame kwanza, na kusimama kwa haraka ni kubonya kitufe cha upande wa pili wakati uleule unapoachia cha mwanzo. Watu wanafanya mazoezi ya jambo hilo miaka. Mwaka 2024 kampuni ya Razer ikatoa kitu inachokiita Snap Tap: kibodi yenyewe inakuachilia kitufe cha kwanza pale unapogusa cha pili, hata kidole chako kikiwa bado kimekikalia. Tarehe 19 Agosti mwaka huohuo Valve, wenye mchezo, wakatangaza kwamba otomatiki ya namna hiyo itagunduliwa kwenye seva zao na mchezaji atatolewa. Kibodi ni halali dukani, lakini haitakiwi uwanjani. Mzazi anayelipa riyali nyingi kwa sababu ya kitu hicho ajue hivyo kabla hajatoa pesa.

World of Warcraft ni mwendo mwingine. Mchezo wenyewe una mahali pa kuandikia makro, herufi 255 zisizidi, na hakuna anayekulaumu. Ila umebanwa: huwezi kuiambia makro ipige uchawi huu, ingoje sekunde mbili, ipige ule. Kungoja na kuamua kumeachwa kuwa kazi ya mtu. Na Novemba 2020 Blizzard wakapiga marufuku programu zinazochukua bonyo moja na kulipeleka kwenye akaunti nyingi kwa pamoja. Minecraft ni juu ya seva unayochezea. Seva kubwa ya Hypixel, kwa mfano, haitaki makro wala mashine za kubofya zenyewe. Kwa hiyo ukimwuliza mtoto "mchezo wako unaruhusu?" akajibu "kila mtu anafanya", hilo si jibu. Mwambie akufungulie ukurasa wa kanuni, na ukae naye muusome pamoja.

Kuiweka yenyewe si kazi. Kibodi za michezo zina programu ya kampuni yake: Logitech wana G HUB, Razer wana Synapse, Corsair wana iCUE. Utaiona picha ya kibodi kwenye skrini. Chagua kitufe, anza kurekodi, bonya mfululizo wako, simamisha, hifadhi. Wengi hufika hapo, makro ikakataa kufanya kazi, lawama zikaenda kwa muuza duka. Mara nyingi tatizo ni muda. Kompyuta inaweza kubonya na kuachia kitufe upesi mno hata mchezo usikione, kwa hiyo acha milisekunde 30 mpaka 50 baina ya hatua na hatua. Jingine ni kuachia: kila bonyo lazima liwe na kuachia kwake kwenye orodha, ama sivyo Shift itabaki imeshikwa na mchezaji wako ataparamia ukuta mpaka umkomboe. Kisha utaulizwa makro irudie vipi. Chagua mara moja kwa kila bonyo. Ile ya kurudia yenyewe mpaka uizime ndiyo inayofungisha watu akaunti, maana inacheza hata mtoto akiwa mezani anakula.

Asiyekuwa na kibodi ya bei si lazima anunue. Microsoft wanatoa bure PowerToys, ambayo ndani yake mna sehemu ya kubadilisha kitufe kimoja kiwe kingine. Na kuna AutoHotkey, ya bure pia, ipo tangu 2003, ambayo unaiandikia mistari yako mwenyewe. Mimi simchezaji, lakini kompyuta yangu ina mstari huu mmoja:

::asw::Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh

Naandika herufi tatu, nagusa nafasi, salamu inatoka kamili. Mjukuu wangu wa hapa alinicheka, kisha akakubali kwamba ni makro halisi, na hakuna wa kunifungia akaunti.

Kwenu Ghuba kuna tabu moja ambayo video za Wamarekani haziitaji. Kompyuta nyingi za huko zina lugha mbili, Kiingereza na Kiarabu, na Alt na Shift pamoja ndizo zinazobadilisha. Michezo mingi hutumia vitufe hivyohivyo viwili. Mtoto yumo vitani, anabonya, mara W imekuwa ص, A imekuwa ش, S ni س na D ni ي, akiandika ujumbe kwa wenzake wanaona mambo wasiyoyaelewa, na makro iliyorekodiwa ya kuandika maneno ya Kiingereza inamwaga Kiarabu kisicho na maana. Kibodi haijapata wazimu. Nenda kwenye mipangilio ya lugha, uzime hiyo njia ya mkato ya Alt na Shift. Na Shift ikibonywa mara tano mfululizo, Windows inaleta kijisanduku cha Sticky Keys, kinachokuja kila mara kwa wakati mbaya. Nacho huzimwa kwenye mipangilio, lakini ngojeni kidogo kabla hamjakizima, nitarudi kwacho.

Onyo moja kwa wazazi: makro zinazouzwa au kugawiwa kwenye Telegram na chini ya video, msizikubali. Makro mtoto anaweza kuirekodi mwenyewe kwa dakika tano. Faili ya mgeni inayotaka ufungue kwa ruhusa kamili na kuzima kinga ya virusi haikuja kumsaidia mwanao kucheza, imefuata nywila zake, na pengine kadi yako ya benki iliyohifadhiwa humo.

Mkono wa kushoto

Hayo yote ni ya watoto wenye vidole kumi vizima. Dada yangu Muscat ana mjukuu wa miaka kumi na tano ambaye mkono wake wa kushoto ulipata udhaifu wakati wa kuzaliwa. Vidole viwili vina nguvu, vitatu vinasaidia tu. Anacheza na binamu yake wa hapa kila Jumamosi, saa mbili za usiku kwao, saa tano za asubuhi kwetu wakati wa kiangazi na saa nne wakati wa baridi. Walipokuwa wadogo walikutana Mombasa likizo moja tu. Urafiki wao wote umejengwa kwenye mchezo huo, na anayedhani ni upuuzi ahesabu ni binamu wangapi wa familia zetu wanaoongea kila wiki.

Katika mchezo wao, kukimbia ni kushika Shift kwa kidole cha mwisho huku W imeshikwa kwa cha kati, na kujificha ni kuongeza C. Kwa mkono ule haiwezekani. Binamu wa hapa akamtengenezea makro: kitufe kimoja cha kipanya, kazi zote tatu. Wakacheza hivyo miezi kadhaa kwa furaha. Mwezi wa pili mwaka huu wapinzani wakamshitaki, akaunti ikafungwa siku saba, na barua iliyokuja haikuwa na jina la mtu, ilisema tu kwamba otomatiki hairuhusiwi na ukirudia utafungiwa moja kwa moja. Alipoandika kueleza mkono wake, akarudishiwa barua ileile. Kijana alimwambia bibi yake hatacheza tena, na siku mbili hakutoka chumbani.

Dada yangu alinipigia kwa hasira. Alitaka nimwambie wamemwonea. Mimi nikasema kuonewa ameonewa, kwa sababu hakusikilizwa, lakini kanuni yenyewe sikuweza kuilaumu. Mashine yao inaona vitufe vitatu vikibonywa kwa milisekunde zilezile kila mara, na hakuna mkono wa binadamu unaofanya hivyo. Haina macho ya kuona mkono wa nani. Kilichobaki ni kutafuta njia ambayo kila kazi inaanzishwa na mwili wake mwenyewe, hata kama si kwa vidole.

Na njia hizo zipo, nyingi kuliko nilivyodhani. Ya kwanza ilikuwa ndani ya mchezo wenyewe na hakuna aliyewahi kuitazama: kwenye mipangilio ya wenye ulemavu mna kuchagua kwamba kukimbia kusiwe kwa kushika, uguse mara moja kuanza na mara moja kuacha. Ya pili ni hicho kijisanduku cha Sticky Keys mnachokilaani. Kazi yake hasa ni hiyo, kumwezesha mtu anayebonya kitufe kimoja kimoja kuandika vilivyotakiwa kubonywa pamoja. Microsoft wana kifaa kinachoitwa Xbox Adaptive Controller tangu 2018, chenye vitufe viwili vikubwa kama visahani na matundu ya kuungia swichi za goti, kiwiko au kidevu. Sony walileta cha kwao cha PlayStation mwaka 2023.

Kilichomfaa yeye ni rahisi kuliko hivyo. Kuna makanyagio ya mguu yanayoungwa kwa USB, kompyuta inayaona kama kibodi ya vitufe vitatu. La kushoto tumeliweka liwe Shift, la kati C, la kulia kuongea na mwenzake. Kanyagio moja, kitufe kimoja, hakuna kinachojirudia wala kinachojibonya. Kabla ya kulitumia tulisoma kanuni tena, na binamu akawaandikia wenye mchezo akiuliza waziwazi kama kanyagio la namna hiyo linakubalika. Safari hii akajibiwa na mtu mwenye jina, kwamba linakubalika.

Wiki mbili za mwanzo alikuwa akikanyaga pasipo na kukimbia palipotakiwa kujificha. Bibi yake, ambaye ameshona kwa cherehani ya mguu tangu Mombasa, alikaa nyuma yake akamwambia asikanyage kwa unyayo wote, atulize kisigino sakafuni na kusukuma kwa mbele tu. Hilo halikuwa katika video yoyote. Sasa wanashindwa kama wanavyoshindwa watu wengine, na Jumamosi iliyopita binamu yake wa hapa alilalamika chakulani kwamba mwenzake anakimbia mno, hamngoji.